Kamba ya Agosti, Pango la Noeli

Wanangu wa Bukavu, mapambo ya Noeli hayaanzi mwezi wa 12. Mwezi wa 12 ni wa mvua. Ukibandua ganda la mgomba siku hizo na kulianika dirishani, wiki itapita likiwa bado linanata mkononi, kisha litaota ukungu, na pango ulilotaka kumjengea Mtoto Yesu litanuka uvundo hata wageni waanze kuulizana. Kazi yetu inaanza sasa hivi, Julai, shule zimefungwa, mvua imekatika, vumbi la mitaa ya Kadutu linapanda hadi madirishani, na jua linakausha kila kinachoanikwa juu ya bati.

Basi sogeeni niwaeleze. Sitawaeleza mapambo ya kununua. Nitawaeleza yale ambayo mikono ya watu wa nyumba moja inaweza kuyafanya kwa vitu vilivyo karibu, na kwa nini mapambo hayo, yakifanywa vizuri, humwonesha mgeni ni nani wanaoishi humo, nani amesafiri, na nani amefariki lakini bado anahesabiwa.

Tuanze na mgomba, kwa sababu sisi watu wa huku tumezungukwa nao. Ukitoka mjini kuelekea Kabare, au ukipanda upande wa Walungu, utaona boma baada ya boma limekaa katikati ya migomba yake. Bashi, wenyeji wa huku, wamepanda hivyo tangu zamani: ndizi za kupika, ndizi za kuiva, ndizi za kasiksi, ile pombe ya sherehe. Mtoto anayecheza kati ya migomba anajua jambo moja ambalo mtu wa mbali halijui, kwamba shina la mgomba si mti. Ni maganda yaliyofunikana, moja juu ya jingine, mengi. Yale ya nje huzeeka kwanza, hukauka yenyewe na kuning'inia. Hayo ndiyo tunayoyatafuta.

Kabla hujayagusa, mwombe mwenye shamba ruhusa. Ukishapewa, bandua kwa mkono, usikate kwa kisu. Huku kwetu kuna ugonjwa wa mnyauko unaoua migomba, na kisu kilichokata mgomba mgonjwa kikikata mzima huuambukiza. Mama akiona watoto wameingia shambani mwake na kisu ambacho hakijapitishwa motoni, ana haki kabisa ya kuwafukuza.

Maganda yakifika nyumbani, yafute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, uyaanike siku mbili tatu, kisha uyapange chini ya godoro ulalie. Asubuhi yatakuwa yamenyooka. Sasa yaangalie vizuri, maana hapa ndipo kazi inapopata uzuri wake. Ganda la ndani ni jeupe linalokaribia rangi ya maziwa. Linalofuata lina rangi ya chai ya maziwa. La nje kabisa ni la kahawia iliyoiva, na pale maji ya mvua yalipokaa kuna madoa meusi. Hakuna rangi ya dukani hapo. Wasanii wa Bukavu wanaotengeneza kadi za maganda ya mgomba, zile zenye mwanamke aliyebeba mzigo mgongoni au mvuvi kwenye mtumbwi wake, huchagua doa kwa macho: doa hili litakuwa kivuli cha mlima, mstari huu utakuwa wimbi la ziwa. Panga maganda yako kwa rangi katika mafungu matatu. Fungu la nne ni nyuzi ndefu zinazochanika pembeni. Hizo usizitupe hata kidogo. Tunazihitaji kwa kamba.

Na kamba ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote.

Ndugu zetu Barega, watu wa Mwenga na Shabunda, wengi wao wakiwa majirani zetu hapa mjini, wana kitu kinachoitwa mutanga. Ni kamba iliyotundikwa vitu vidogo vidogo: kipande cha kijiti, unyoya, ganda, mfupa. Asiyefundishwa ataona takataka zilizofungwa kwenye ugwe. Aliyefundishwa anaona methali. Kila kitu kinabeba neno lake, na mzee huweza kupita kwenye kamba akigusa kimoja baada ya kingine huku akifundisha vijana namna ya kuishi na watu, au akitafuta neno la kupatanisha waliogombana. Barega walikuwa pia na chama chao cha hekima, Bwami, kilichofundisha kwa sanamu ndogo za mti na pembe za ndovu. Mojawapo inaitwa Sakimatwematwe, na ina nyuso zinazotazama pande nyingi kwa wakati mmoja. Serikali ya kikoloni ya Wabelgiji ilikipiga marufuku chama hicho mwaka 1948, na sanamu nyingi za Barega leo ziko mbali, katika makumbusho kama ile ya Tervuren kule Ubelgiji. Vitu vya Bwami ni vya heshima, vina wenyewe na vina daraja zake. Hatuviigi tukavifanya vya kuchezea. Lakini wazo la kamba inayosomeka tunaweza kulipokea kwa shukrani na kulipeleka kwenye jamaa zetu.

Sasa kumbukeni tarehe 1 Agosti. Katika Kongo nzima hiyo ni Siku ya Wazazi, sikukuu ya taifa. Asubuhi watu huenda makaburini. Wanafyeka majani, wanaosha misalaba, wanaweka maua, wanasali. Mchana wanarudi nyumbani kukaa na wazazi walio hai, kula pamoja nao, kuwapa zawadi kila mtu kwa uwezo wake. Sijui sikukuu nyingine yenye mpangilio mzuri kama huo, siku moja inayowaheshimu waliolala na walio macho. Kwa siku hiyo mimi nawashauri mtengeneze kamba ya jamaa.

Kusokota ni hivi. Chukua nyuzi za mgomba, zichane zilingane na upana wa kidole chako kidogo, uzinyunyizie maji kidogo zisikatike. Funga mafungu mawili pamoja kwenye ncha moja, ncha hiyo uikaze kwenye dole gumba la mguu. Kaa chini, paja likiwa wazi. Weka mafungu mawili juu ya paja, yakiwa mbalimbali, uyasukume mbele kwa kiganja; kila fungu litajisokota peke yake. Bila kuyaachia, yakusanye na uyarudishe nyuma kwa kiganja kilekile. Hapo utaona ajabu: yanakimbiliana na kukumbatiana, na kamba imezaliwa. Sukuma mbele, rudisha nyuma. Fungu likikaribia kwisha, ongeza unyuzi mpya kabla halijaisha, na usiongeze mafungu yote mawili mahali pamoja, maana kamba itakatikia hapo. Mara ya kwanza paja litawasha na kamba itakuwa na vinundu. Mama yangu mkubwa, aliyenifundisha, alikuwa akipitisha kamba kati ya vidole viwili akiwa amefumba macho, na kila alipokuta kinundu alinirudishia bila kusema neno. Nilikasirika sana wakati ule. Leo kamba zangu zinapita.

Kamba ikifika urefu wa mikono yako miwili ikinyooshwa, inatosha kwa kuanzia. Sasa inabaki kazi ngumu zaidi, nayo haifanywi kwa vidole. Itakubidi uulize. Nenda kwa mtu mzima kuliko wote nyumbani, bibi au babu, ukae miguuni pake, umwombe akutajie watu wa jamaa kwa mpangilio wa kuzaliwa. Andika. Utashangaa. Kuna majina hujawahi kuyasikia, kuna mtoto aliyefariki kabla ya baba yako kuzaliwa, kuna shangazi aliyeolewa Idjwi ambaye ulidhani ni rafiki tu wa familia.

Kwa kila jina tafuta kitu kimoja. Mama anauza sambaza sokoni? Kata samaki mdogo katika ganda jeupe, umtie mistari kwa msumari. Baba ni seremala? Kipande kimoja chembamba cha ubao kilichojikunja chini ya randa yake kinatosha, tena kinanukia. Bibi alilima maharagwe maisha yake yote: loweka maharagwe matatu usiku kucha, yatoboe kwa sindano, yatunge, yaanike. Mjomba anafanya kazi kwenye boti za Goma: kata mtumbwi. Kaka anajifunza ushonaji: mwombe kipande cha kitenge kutoka sakafuni pa fundi wake, mafundi wengi wa cherehani hukupa vipande hivyo bure ukiomba kwa adabu na ukijitolea kufagia.

Nina masharti mawili, na hapa sitanii. La kwanza, mtu asijichagulie kitu chake mwenyewe. Wenzake ndio wamchagulie. Utajifunza mengi juu yako siku utakapoona ndugu zako wamekutundikia nini. La pili, marehemu wasitengwe kwenye ncha ya kamba wala wasifungiwe kitambaa cheusi. Wakae mahali pao, kwa mpangilio wa kuzaliwa, katikati ya walio hai. Babu aliyefariki anakaa kabla ya baba, kwa sababu ndiyo zamu yake.

Na waliotawanyika je? Hilo ni swali la Bukavu hasa. Februari 2025, vita vilipofika mjini, jamaa nyingi zilivunjika njia panda. Wengine walivuka mpaka wakaingia Burundi, wengine walibaki, wengine hawajulikani walipo. Kabla ya hapo pia walikuwapo wa Uvira, wa Kinshasa, wa kambi za Uganda na Tanzania, wa Marekani. Wote wana nafasi. Kama huna kitu chao, funga fundo tupu lililokazwa vizuri mahali panapowahusu, na siku ya kupiga simu waulize: tukutundikie nini? Wakubwa wengine hukaa kimya kidogo kabla ya kujibu swali hilo. Wasubiri.

Kamba hiyo itundikwe ukutani sebuleni, juu ya kiti anachokaa mzee. Kama kuta ni za mbao, kama zilivyo nyingi za Kadutu, misumari miwili inatosha.

Nimekaa sana kwenye kamba, najua. Tuje kwenye picha na pango.

Kwa kubandika unahitaji gundi, na gundi iko jikoni. Chekecha unga wa muhogo, koroga kijiko kimoja katika maji baridi, umimine polepole katika kikombe cha maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka uji ubadilike kutoka weupe hadi kuwa kama wa kioo. Epua, uache upoe. Paka kidogo sana. Gundi nyingi hulowanisha ganda nalo likajikunja. Weka kitu kizito juu mpaka kesho, kisha anika juani, kwa sababu gundi yenye unyevu huita mende na panya.

Picha ya kwanza usijaribu watu. Anza na mji wenyewe. Bukavu imekaa juu ya rasi zinazoingia ziwani, tano kwa hesabu ya wenyeji, na watu wamezoea kuzifananisha na vidole vya mkono uliotumbukizwa majini. Chora mkono wako juu ya ganda la kahawia, ukate, ubandike juu ya ganda jeupe. Tayari una rasi na ziwa. Ongeza milima nyuma kwa ganda lenye madoa. Ukitaka watu, wakate kwa umbo tu bila macho wala mdomo. Mama anatambulika kwa jinsi mgongo wake ulivyobeba mzigo, na kijana kwa jinsi anavyosimama. Sura zilizochorwa pua na macho kwenye ganda la mgomba huwa zinafanana zote, nami naona zinaharibu kazi.

Pango la Noeli linataka mikono mingi, hivyo gawaneni. Mwili wa sanamu ni gunzi la mahindi. Kichwa ni kitambaa kilichosokotwa na kufungwa. Nguo ni vile vipande vya kitenge. Maria msimpigishe magoti tu kama kwenye picha zilizotoka Ulaya. Mtoto anaweza kuwa mgongoni, amefungwa kitenge, kama wewe ulivyobebwa. Yosefu awe na randa yake. Ng'ombe lazima awepo, tena mzuri, mwenye pembe, maana kwa Bashi ng'ombe ndiye anayetolewa nyumba mbili zinapokuwa jamaa moja kwa ndoa. Mfinyange kwa udongo wa bondeni na umwache akauke kivulini, juani atapasuka. Paa ni la maganda yale ya nje, yaliyopangwa kama nyumba za zamani za kijijini zilivyoezekwa.

Sikilizeni vizuri neno hili. Umeme ukikatika usiku wa mkesha, na unakatika, mtu atataka kuweka mshumaa ndani ya pango ili lipendeze. Msikubali. Ganda la mgomba lililokaushwa tangu Julai linawaka mara moja, na katika mitaa ya nyumba za mbao zilizobanana, moto wa nyumba moja huwa wa mtaa. Bukavu imeshalia kwa ajili ya hilo mara nyingi. Taa ndogo ya betri, au ya sola, iwekwe kando, nje ya paa. Mshumaa ukae mezani ndani ya sahani yenye maji, na mtu mzima akiwa karibu.

Nyota ya juu ya pango na maua ya Bonane, yaani Mwaka Mpya, tunayapata kwenye chupa za plastiki, na kuna sababu nzuri ya kuziokota. Mvua inaposhuka kwenye milima yetu huzoa chupa na mifuko kutoka mitaroni, huzitupa ziwani, na maji ya ziwa hutoka kupitia mto Ruzizi unaoelekea Tanganyika. Pale mtoni kuna mitambo ya umeme. Takataka hizo hufika huko zikaziba njia ya maji, mitambo ikasimama, nasi tukakaa gizani. Yule mdogo anayetupa chupa mtaroni hajui kwamba anaizima taa ya kwao. Dada mmoja wa mji huu, Nicole Menemene, aliliona jambo hili na kuanzisha shughuli inayoitwa Plastycor, ambako plastiki iliyookotwa hugeuzwa vikapu, vyungu vya maua na viti vidogo vya kuuzwa. Ninyi anzeni na kidogo. Kitako cha chupa kikikatwa kwa mkasi tayari kina umbo la ua lenye petali tano. Kitoboe katikati, pitisha ugwe, panga vitako kumi na viwili na una shada la mlangoni. Kingo zikikwaruza, zisugue kwa jiwe. Msiziyeyushe kwa moto, moshi wake ni sumu.

Sikukuu zikipita, nyumba inabaki na mapambo yake ya kila siku, na hayo kwetu ni vitambaa vya krosheti. Ingia sebule yoyote ya Ibanda, Bagira au Panzi: kwenye migongo ya viti, juu ya redio, chini ya chombo cha maua, kuna kitambaa kilichofumwa kwa uzi mweupe au wa rangi. Wakati wa ukoloni masista na vituo vilivyoitwa foyer social waliwafundisha wanawake kushona, kudarizi na kufuma. Mama zetu waliichukua kazi hiyo na kuifanya yao. Leo bibi anafuma akizungumza, bila kutazama sindano, na nyumba nyingine zina ua lao linalopendwa ambalo binti huchukua aendapo kuolewa. Nikiingia nyumba ngeni mimi huangalia vitambaa kabla ya kukaa, na mara nyingi naweza kusema mama wa nyumba alilelewa na nani.

Wavulana, msiondoke. Sindano ya krosheti haichagui mkono, na mvuvi anayetengeneza wavu anafanya kazi ya jamii hiyohiyo.

Anza na uzi mnene na sindano nene. Tengeneza kitanzi, vuta uzi upitie ndani, vuta tena, na tena: huo ni mnyororo. Fuma mnyororo mrefu mpaka vitanzi vyote vilingane, kisha ufumue wote na uanze upya, uzi hauharibiki. Ukishaweza, funga mnyororo mfupi uwe duara, na ufume kuzunguka. Kitambaa kikijikunja juu kama bakuli, vitanzi vyako ni vichache. Kikikunjamana kingoni, ni vingi mno. Kikikamilika, kifue, ukichovye katika ile gundi ya muhogo iliyoongezwa maji mengi, ukikamue, ukitandaze juu ya ubao safi na ukivute kila ncha kwa pini. Kikikauka kitasimama wima.

Cha kwanza mpelekee yule aliyekutajia majina ya kamba. Atakigeuza upande wa nyuma kwanza, kuangalia mafundo ulivyoyaficha.